Mwanafunzi wa muziki alitutungia shoo ya watoto wa kort, nampa nyota nne

Kila Disemba hapa kwa kort yetu, nyumba za ua mmoja huku Umoja, Nairobi, watoto walikuwa wanaigiza kitu kile kile, Mariamu amejifunga leso ya nyanyake, mamajusi watatu wamevaa mapazia ya sebuleni, alafu kuna mchungaji mmoja wa miaka sita lazima alie akitafuta mamake. Mwaka jana wazazi wa kort yetu tukasema imetosha, tukachanga, tukatafuta mtu atutungie shoo mpya kabisa yenye nyimbo zake. Tukampata msichana wa mwaka wa tatu anasomea muziki chuo, tumemwona akikua hapa hapa mtaani. Naandika hii juu kila siku kuna mtu ananisimamisha kwa geti kuniuliza ilikuwa pesa ngapi na kama ni kitu poa.

Pesa ni 15,000, nusu mbele nusu baada ya shoo. Hapo unapata nyimbo sita, skripti ya kama dakika 35, mazoezi ya Jumamosi nane, na midundo amerekodi mwenyewe. Watoto walikuwa 22, mdogo miaka 6 mkubwa 13. Kuna mama mmoja aliuliza kwa mkutano mbona tusitoe tu kitu YouTube bure, na kusema ukweli hata mimi nilikuwa nawaza hivyo, nikanyamaza tu juu nilikuwa nimeshalipa.

Jumamosi ya kwanza alikuja bila wimbo hata mmoja, nikasema haya basi tumeliwa. Alikuja na daftari. Akakaa kwa lile jiwe la kando ya tanki akaangalia watoto wakicheza michezo yao ya kati na blada mpaka saa sita, anaandika zile nyimbo zao za kuruka, anahesabu miguu, alafu akawauliza ni nini huwakasirisha hapa nyumbani. Unajua watoto, walisema yote, mengine ya kutuaibisha, lakini kitu walirudia sana ni maji. Maji huku Eastlands yanakuja kwa ratiba, na siku hayaji wenye mikokoteni wanapandisha bei ya mtungi, na anayetumwa kusimama foleni na mitungi ni mtoto. Basi hadithi ikatoka hapo: mtungi wa lita 20 umegoma, unakataa kujazwa mpaka uombwe msamaha kwa mateke yote umepigwa tangu ununuliwe. Mimi na umri wangu huu nisingewaza kitu kama hicho hata ungenilipa. Na ngoma za shoo nzima ni mitungi, ule mkubwa wa bluu ndio besi, ile midogo ya mafuta ya kupikia inajibu.

Alafu akapima sauti. Alikaa na kikibodi chake, mtoto mmoja mmoja, anapanda ngazi polepole mpaka pale mtoto anaacha kuimba anaanza kupiga kelele, hapo anaandika noti. Nilidhani ni mbwembwe za chuo. Kumbe wale wetu wadogo wanaimba vizuri kuanzia noti ya C ya katikati mpaka karibu A hivi, wakubwa ndio wanafika D ya juu, na ukiwapa wimbo uliopangiwa sauti ya mtu mzima ni ama uko chini wanaguna tu ama uko juu wanapiga mayowe. Nimeimba kwaya miaka kumi na nane na hakuna mwalimu amewahi kunielezea hivyo. Hata yeye alikosea, wimbo wa mwisho aliuleta kwa kii ya F, ukifika kwa kiitikio unapanda mpaka F ya juu, ile Jumamosi majirani walichungulia kwa madirisha wakidhani kuna mwizi. Akafungua laptopu, ako na hii programu inaitwa MuseScore, ni ya bure, akachagua wimbo wote akabonyeza vitu viwili vitatu ukashuka mpaka D na hapo hapo ukaanza kucheza kwa spika. Kwa mkono hio ni jioni nzima unafuta na kuandika upya.

Kosa lingine la mwanzo, alichapa noti za mistari mitano kopi 22. Hapa hakuna mtu anasoma zile, hata sisi wa kwaya tunajua solfa tu, ile ya do-re-mi. Watoto walikunja ndege. Wiki iliyofuata akaacha mambo ya karatasi, akawa anatuma kwa grupu ya wazazi ya WhatsApp, sauti ya kwanza faili yake, sauti ya pili faili yake, MP3 za megabaiti mbili tatu ambazo hata mtu wa bando ya shilingi ishirini anafungua, na ndio maana mwezi mzima nilikuwa naosha vyombo nikiimba malalamishi ya mtungi.

Sasa siasa. Wazazi wa Nairobi mnajijua. Kulikuwa na mama fulani alitaka binti yake ndiye awe Mtungi juu eti ameshasimama jukwaani, na baba fulani akatuma 1,000 kwa M-Pesa ya yule dada bila kuulizwa, "ya chai", alafu jioni anapiga kuuliza kijana wake amepewa nini. Pesa ilirudishwa siku hio hio, nimeonyeshwa meseji. Alichofanya ni Mtungi akawa watoto wanne, kila mmoja na mistari michache, anayechoka anapokezana na mwenzake, na hakuna mtoto alisimama nyuma kama mti. Binti yangu ameimba Kenya Music Festival na shule yake, hio mashindano iko tangu 1927 na sina neno nayo, lakini pale wimbo umeshachaguliwa na mtoto anajikunja mpaka aufikie. Hapa kort kuna kijana ana kigugumizi, kwa igizo la Krismasi miaka yote alikuwa anapewa kondoo. Huyu dada akampa aigize mwenye mkokoteni wa maji, na maneno yake yote akayaweka kwa wimbo, mdundo wa mtungi chini yake, na kijana akiimba hakwami hata mara moja. Mamake alikuwa amekaa karibu na mimi. Sitasema zaidi.

Nyota moja nimetoa kwa nini. Kwanza wimbo wa tano na wa sita vilichelewa wiki mbili juu ya CAT zake chuoni, ile mitihani midogo ya katikati ya muhula, na angetuambia mapema tungepanga, lakini yeye akawa ananyamaza kwa grupu anaacha tiki za bluu tu. Ukichukua mwanafunzi uliza kwanza ratiba ya mitihani. Pili wale wa miaka sita aliwapa mistari mirefu sana, mmoja alikuwa na sentensi tatu na alikuwa anasema ya kwanza anarudi kwa mamake. Tatu, midundo alikuwa anacheza kutoka kwa simu yake, na siku ya shoo hakuiweka kwa hali ya ndege, ile ya kuzuia simu kuingia, katikati ya wimbo wa nne simu ikaita kupitia spika zote za ukumbi, alafu akiwa na haraka ya kukata akapokea, tukasikia sauti ya mamake ikiuliza kama amekula. Ukumbi ulicheka dakika nzima. Watoto walisimama tu wakisubiri, wakubwa wakaanza kupiga mitungi, wakaingilia tena kwa kiitikio bila kuambiwa, lakini bado, dada yangu, tumia laptopu.

Kuna kikundi cha wazazi kilitaka twende Kenya National Theatre, ile ya mkabala na hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa 1952, eti watoto wapate picha nzuri. Ni yeye alikataa, akasema sauti za watoto waliozoea kufanyia mazoezi kwa ua zitamezwa na ukumbi kama ule. Tukabaki na ukumbi wa kanisa. Vyombo tulikodi 6,000, maiki mbili za kuning'iniza juu na spika mbili, zilitosha. Nguo tulienda soko la mitumba la Gikomba saa kumi na mbili asubuhi, fulana za manjano za watoto wote zikatoka 3,300, na leso kila mtu alileta ya kwao.

Kitu kimoja muandikiane kabla hamjatoa pesa ni nyimbo zitakuwa za nani. Sisi tulikuwa tunajua mtunzi ndiye mwenye wimbo basi, yeye ndiye alitufungua macho na haikuwa kwa faida yake: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ukiagiza mtu akutungie, haki inahesabiwa imehamia kwako wewe uliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Na haki yenyewe inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, si kitu ya kupeana kwa 15,000 bila kufikiria. Tuliandika ukurasa mmoja, nyimbo ni zake, sisi kort tunaweza kuziimba wakati wowote bila kulipa tena, na akitaka kuuzia shule nyingine auze. Baba mmoja alilalamika eti tumempa bure. Nikamuuliza yeye angefanyia nini wimbo wa mtungi, akanyamaza.

Ningemlipa tena? Ndio, na ningemlipa 20,000 bila kubishana, juu ukihesabu zile Jumamosi nane na usiku aliokaa akirekodi ni kama tulimwibia. Namba yake sitaweka hapa, ako mwaka wa nne sasa na hataki kazi mpaka amalize, lakini vyuo vyenye idara ya muziki ni kadhaa hapa Nairobi, enda ubao wa matangazo ubandike karatasi, utampata mwingine. Muulize tu kama atakuja kukaa na watoto kabla ya kuandika. Akikwambia ameshaandika, endelea kutafuta.

Na yeyote aliyebeba mtungi wangu wa bluu baada ya shoo, ule wa besi, una alama ya W kwa kifuniko, naomba urudi. Jumanne hatuna maji.