Tathmini ya kozi ya mtandaoni kuhusu aina za sentensi za Kiingereza

Kozi hii ya video na mazoezi, inayotolewa bila malipo mtandaoni, imemlenga mwanafunzi anayejua maneno ya Kiingereza ya kutosha lakini bado anatatizika kuyapanga. Nimeifuata mpaka mwisho na ninaipendekeza, hasa kwa sababu ya somo lake la maswali.

Katika Kiswahili, taarifa hugeuka swali kwa kiimbo tu au kwa kutanguliza "je", na mpangilio wa maneno hauguswi. Kiingereza hakiruhusu wepesi huo, na mwalimu wa kozi hii anajua mwanafunzi anakwama wapi. Anaanza na "She is a nurse", anahamisha kitenzi na kupata "Is she a nurse?", kisha anauliza tufanye nini na "She works here", ambayo haina kitenzi kisaidizi cha kuhamisha. Hapo ndipo anapoileta "does" na kuonyesha jinsi ile "s" ya "works" inavyochukuliwa na kitenzi kisaidizi, hata tukabaki na "Does she work here?" Anayeyaelewa maelezo hayo mafupi hatasema tena "Does she works here?", kosa linalosikika hata kwa watu waliokizungumza Kiingereza kwa miaka mingi. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba haishii hapo, bali anaeleza pia kuwa "Where is he?" ikiingizwa ndani ya taarifa hurudia mpangilio wa kawaida: "I don't know where he is."

Sentensi za amri na za mshangao zimepitiwa haraka, nami sioni ubaya, ingawa ulinganisho wa "How tall you are!" na "How tall are you?" ulistahili muda zaidi, maana maneno ni yaleyale na mpangilio peke yake ndio unaotenganisha mshangao na swali.

Kasoro kubwa imo katika sura ya mwisho, ambapo taarifa, swali, amri na mshangao vimewekwa katika orodha moja na sentensi sahili (yenye kishazi kimoja, yaani fungu la maneno lenye kitenzi chake), ambatano (yenye vishazi huru vilivyounganishwa) na changamano (yenye kishazi kinachotegemea kingine), kana kwamba zote ni aina za mstari mmoja. Mgawanyo wa kwanza unahusu kazi ya sentensi, na wa pili unahusu vishazi vyake na namna vinavyounganishwa, kwa hiyo kila sentensi ina nafasi katika migawanyo yote miwili. "Did you call when you arrived?" ni swali, na papo hapo ni sentensi changamano kwa kuwa ina kishazi tegemezi kinachoanza na "when". Zoezi la sura hiyo linadai jibu moja tu: kwa "Sit down and open your book" linakubali "amri" na kulikataa "ambatano", ilhali majibu yote mawili ni sahihi. Inasikitisha kuona mwanafunzi makini akinyimwa alama kwa kuelewa zaidi ya alivyotarajiwa.

Mpaka waandaaji watakapoitenganisha orodha hiyo, namshauri anayeitumia kozi hii achore safu mbili kwenye daftari, moja ya kazi na nyingine ya muundo, na aijaze kila sentensi ya zoezi katika zote mbili kabla ya kutazama majibu.