Mipira ya silikoni ya rejeta kwenye gari niliyojiundia: mipira safi, klipu zake tupa kule

Aisee nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda aondoke nayo: mipira yenyewe nzuri, naipa nyota nne, ile moja nimekata kwa ajili ya klipu za kubania mipira walizoweka kwenye boksi.

Gari ni ya kujiundia nyumbani hapa Tabora, siti mbili, fremu ya bomba za mraba nimechomelea mwenyewe kwa kuangalia umbo la Lotus Seven, ile gari ya Waingereza ya 1957. Injini nimeng'oa kwenye LiteAce iliyojifia, kile kivan cha Toyota, injini aina ya 5K, cc 1,486, rejeta ya Corolla. Sasa shida ya gari za namna hii ni pua, iko chini mno, kwa hiyo rejeta inakaa chini kuliko injini na mipira ya kiwandani ya LiteAce haifiki wala haikunji pale unapotaka wewe. Ndo nikaagiza seti ya silikoni kwenye duka moja Kariakoo, vipande vya kunyooka na kona za nyuzi 45 na 90, kipenyo milimita 32, laki na sitini, ikaja na basi.

Kukata ni raha. Funga klipu pale unapotaka kukata, iwe rula yako, zungusha wembe pembeni yake, mkato unatoka umenyooka kama wa dukani. Mpira wa chini nilitumia kona mbili nikaziunga katikati na kipande cha bomba la chuma, maana huo ndo pampu inanyonyea, ukiuacha mrefu bila kitu kigumu ndani unaweza kujibana injini ikipanda mizunguko na maji yasipite. Ila bomba usiliache mwisho wake laini jamani. Langu lilichomoka siku ya kwanza tu uani, maji yote chini, wife anachungulia dirishani hasemi kitu. Fundi akazungushia mstari mwembamba wa weldingi karibu na mdomo, akaupiga tupa mpaka ukalainika, toka hapo mpira umeng'ang'ania mpaka leo.

Safari ya kwanza nikaenda nayo njia ya Kwihara, kule kwenye tembe la Livingstone. Sijafika, nanusa kitu, mvuke unatoka kwenye boneti, nikitazama geji mshale uko chini kabisa, umetulia! Hapo ndo nikaelewa maana ya hewa kunasa kwenye njia ya maji: sensa ya geji ilikuwa imekaa kwenye hewa, haiguswi na maji, kwa hiyo haikuwa na habari yoyote wakati hedi, kile kichwa cha injini, inaungua. Nikakaa chini ya mwembe karibu saa nzima, mfuniko sikuugusa, mzee mmoja akapita na baiskeli, akanisalimu mwangaluka, akatazama gari, akaniuliza kama bado naitengeneza au ndo imeisha hivyo.

Kosa halikuwa la mipira, lilikuwa langu. Hewa inapanda juu, na kwangu sehemu ya juu kabisa ilikuwa nyumba ya thamostati, ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta yakipata moto, siyo mfuniko wa rejeta, sasa hewa itokee wapi? Fundi rejeta akanichomelea katenki kadogo, tukakafunga juu kuliko kila kitu, mpira mwembamba unatoka kwenye nyumba ya thamostati unaingia juu ya katenki, mwingine unatoka chini yake unarudi upande wa pampu, na mfuniko wa presha wa bar 0.9 ukahamia huko. Thamostati ya nyuzi joto 82 tukaitoboa kitundu cha milimita 3 cha kupitishia hewa, kitundu kikatazama juu. Na msidharau mfuniko, Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, presha ndo inayokuvusha 110. Sasa kwenye foleni ya mchana wa Oktoba mshale unapanda, feni inawaka, unashuka.

Turudi kwenye klipu. Ni zile za mkanda wenye matundu, ukikaza silikoni inachomoza kwenye matundu kama nyama kwenye mashine ya kusagia, wiki ya pili mpira mmoja ukawa umekatika nusu unene. Nikazitoa zote, nikaweka zenye mkanda laini ndani, mbili nikachukua za springi kwenye Corolla ya skrepa, hizo ndo bora kuliko zote maana zinafuata mpira unapotanuka na kunywea. Halafu msipitishe hii mipira karibu na mafuta yanayovuja, silikoni na oili haziivi, na kwa petroli hapana kabisa.

Muuzaji nilimwambia kuhusu klipu, akajibu sawa kaka, nimekupata. Juzi jamaa yangu wa Isevya kapokea seti yake, kafungua boksi, klipu ni zilezile.