The Onion na DHMO.org: dhihaka za namna mbili
The Onion, gazeti lililoasisiwa na wanafunzi huko Madison, Marekani, mwaka 1988 na kuingia intaneti mwaka 1996, hubuni tukio zima na kulisimulia kwa lugha kavu ya wanahabari, kiasi kwamba mwaka 2002 Beijing Evening News lilichapisha kama habari ya kweli mzaha wake kuhusu Bunge la Marekani kudai jengo jipya lenye paa la kufunguka. Tovuti ya DHMO.org haikuhitaji kubuni mengi: ilionya kuhusu DHMO (kifupi cha jina la kikemia "dihydrogen monoxide"), kemikali inayoua ikivutwa mapafuni, bila kusema kuwa ni maji. Mwaka 2004, mzaha huohuo nusura uwafanye madiwani wa Aliso Viejo, California, wajadili kupiga marufuku vikombe vya plastiki ya povu, eti kwa kuwa kemikali hiyo hutumika kuvitengeneza. Kwangu, huu wa pili ndio mkali zaidi, kwa kuwa humnasa msomaji kwa ukweli mtupu.