Duka la pumba na mashudu pale Sabasaba, nawapa nyota nne

Wafugaji wa Dodoma mjini mnaohangaika na chakula, nendeni hili duka lililopo nyuma ya soko la Sabasaba, wanauza pumba, mashudu ya alizeti, dagaa na mahindi ya kuparaza. Mimi kilichonivuta ni stoo yao. Magunia yote yapo juu ya chaga za mbao, hayagusi sakafu wala ukuta, bati halivuji, hewa inapita, alafu mzigo uliotangulia kuingia ndo unatoka kwanza. Na unaruhusiwa kufungua gunia utie mkono mpaka katikati, maana juu panaweza kuwa pakavu kumbe ndani kuna joto na pumba zimeshikana mabonge ya kijanikijani, huo ndo ukungu wenyewe.

Jamani sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka, sio ya kuchukulia poa. 2016 Chemba na Kondoa watu walifariki kwa kula mahindi yenye hiyo sumu, na mahindi mabovu ambayo mtu hawezi kula, mara nyingi ndo yanaparazwa wapewe kuku.

Kuna duka jingine, silitaji, waliniuzia pumba chini ya gunia zimevunda, kuku wa mayai wakazubaa, mayai yakashuka, daktari wa mifugo alipopasua waliokufa ini limevimba na lina rangi ya njano, akasema hizo ni dalili za sumukuvu. Nimerudisha gunia naambiwa eti kaanike juani uwape tu! Jua linakausha ukungu ila sumu inabaki palepale, hata ukichemsha haiishi, na ukimpa ng'ombe wa maziwa inapita mpaka kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Iliniuma sana kwakweli.

Sasa hawa wa Sabasaba, mwezi wa tatu mvua zimekolea, nilimshuhudia mama mwenye duka anakataa mashudu kutoka Singida yasishushwe kwenye Fuso kisa magunia yamelowa njiani, dereva kabembeleza weee mama kagoma. Hapo ndo nikawa mteja wao.

Nyota moja nimebania kwasababu hawana kipima unyevu, wanang'ata punje tu. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa unyevu usizidi asilimia 13.5, sa jino litajuaje tofauti ya 13 na 15? Nimewaambia, wamesema watanunua. Bei ipo juu kidogo kuliko wengine, Jumapili wanafunga.