Chati ya wanyama wa kale, shilingi 350: picha safi, maelezo yamepotoka

Nilinunua chati hii Jumamosi moja kwenye duka la vitabu kule chini karibu na River Road. Ninafundisha gredi ya 5 hapa Umoja, na ukuta wa nyuma wa darasa langu ulikuwa mtupu.

Karatasi ni nzito na imetiwa nailoni pande zote mbili. Wiki mbili za vidole vya watoto hazijaiacha alama. Rangi zimekolea. Mamothi, yule jamaa wa tembo mwenye manyoya mengi, amechorwa vizuri mpaka unaona theluji iliyogandamana kwenye manyoya ya tumbo.

Shida ni ule mstari wa chini, kwa wino mwekundu: "Wote waliangamizwa na kimondo." Hapana! Kimondo kilianguka Meksiko miaka milioni 66 iliyopita kikawamaliza dinosaria, na mamothi hata hajazaliwa. Yeye alikuja kutoweka juzi tu, barafu ilipoyeyuka na malisho yake yakageuka misitu na vinamasi, huku wawindaji nao wakimwandama. Wataalamu wangali wanabishana ni kipi kilichomwumiza zaidi, na ubishi huo ndio ningependa wanafunzi wangu wauone.

Tena kila mahali pana kisa chake. Moa, ndege wa New Zealand asiye na mabawa kabisa, hakuguswa na kimondo wala barafu. Watu walifika huko yapata mwaka 1300, wakamla yeye na mayai yake, na karne ya 15 haikwisha naye yupo. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, moa alikuwa bado anatembea. Niliposema hivyo, mvulana wa dawati la mbele aliniuliza, "Kwa hivyo mwalimu, tungemkuta?"

Linaloniuma zaidi ni kwamba Olorgesailie haimo. Ni kilomita 70 hivi kutoka hapa Nairobi kwa barabara ya Magadi! Pale palifukuliwa mifupa ya nyani wakubwa kuliko nyani wowote walio hai, pamoja na mashoka ya mawe. Wanyama wakubwa wa pale waliokula nyasi walikuwa wametoweka kufikia miaka 320,000 iliyopita, mvua na malisho vilipokosa kutabirika, na jamaa zao wadogo wakashika nafasi.

Nilirudi dukani. Muuzaji, kijana mpole, aliupiga picha ule mstari akasema atamtumia mchapishaji.

Nyota 3. Ukiinunua, ufunike huo mstari kwa karatasi, na utumie selotepu; gundi haishiki kwenye nailoni.