Tahadhari kwa wapenda pikipiki za porini Lindi na Mtwara: msinunue "Serow" ya kijana huyu

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, hasa ninyi tunaotoka pamoja na pikipiki siku za Jumamosi, ninaandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa wakati mmoja. Yeyote aliye katika mazungumzo ya kununua Yamaha Serow 250 ya kijani na nyeupe kwa kijana wa Mtwara mjini anayejitambulisha kuwa mwagizaji wa pikipiki kutoka Japani, tafadhali asimame hapo alipo na asitoe hata shilingi. Mimi nimeshatoa milioni nne. Nilichopewa ni pikipiki iliyoandikwa Serow ubavuni, yenye injini ya Kichina ndani ya fremu, na kibao cha namba ambacho ni cha pikipiki ya mtu mwingine kabisa.

Baada ya yale yaliyotupata Msimbati tukiwa na pikipiki nzito, wale mliokuwepo hamhitaji kuelezwa kwa nini niliapa kutorudia pikipiki nzito. Nilikuwa nikiitafuta Serow kwa muda mrefu, na niliitafuta kwa sababu ninaijua. Ni pikipiki ya kilo 130 hivi, ambayo mtu mmoja anaweza kuiinua peke yake ikilala mchangani. Kiti chake kiko sentimita 83 kutoka ardhini, kwa hiyo hata mtu wa kimo changu anakanyaga chini kwa miguu yote miwili. Tairi la mbele ni inchi 21 na la nyuma ni inchi 18. Injini ni ya silinda moja, sentimita za ujazo 249, inayopozwa kwa hewa. Haikuundwa kwa mashindano ya mbio. Iliundwa kwa mtu anayetaka kupanda Rondo polepole kwa njia za miguu, ashuke upande wa pili na kurudi nyumbani kwa barabara ya lami bila kubeba pikipiki yake kwenye gari. Yamaha walianza kuitoa mwaka 1985 ikiwa na injini ya 223, wakaipa jina la mbuzi mwitu wa milima ya Japani, na toleo la mwisho likatoka mwaka 2020. Kwa hiyo anayeitaka leo hana budi kununua iliyotumika, na kwetu huku Kusini, ambako macho yetu yamezoea Honda XL na Yamaha DT za miradi, mtu anaweza kukaa miaka bila kuiona hata moja. Kijana yule alilijua hilo kuliko mimi.

Nilifika Mtwara Jumamosi ya pili ya Novemba, kabla ya adhuhuri. Fedha za malipo ya korosho zilikuwa zimeingia benki siku tatu kabla, na yeye alijua, kwa sababu nilimwambia mwenyewe. Alikuwa ameniuliza kwenye simu, "Mjomba, huko kwenu malipo yameshatoka?" nami nikajibu bila kufikiri, maana msimu ukiwa umepamba moto hakuna salamu ya mtu wa Kusini isiyogusa korosho. Alinipokea stendi, akanipokonya mkoba akaubeba yeye, akaniambia kwamba mama yake anatoka upande wa Nyangao na kwamba kwa hesabu za kwetu mimi ni mjomba wake hasa, si mjomba wa mdomoni. Nikamwita mpwa. Ninaona uchungu kuandika neno hilo, lakini ndivyo nilivyomwita, na aliyekulia kwetu anajua kwamba mpwa hamwibii mjomba wake.

Pikipiki ilikuwa uani kwao, chini ya mwembe, imefunikwa kanga. Aliivuta kanga ile taratibu. Tanki liling'aa, maandishi hayakuwa na mkwaruzo, tairi zilikuwa mpya zenye meno makubwa, na moyo wangu, ninakiri, ulinunua kabla ya mkono kutoa fedha. Nilipopeleka kiganja karibu na silinda nilihisi joto, akawahi kusema kwamba ametoka kuipeleka kuoshwa. Akabonyeza starta mara moja ikawaka. Akaizima, akaiwasha tena, akanitazama kama mtu anayesema, unataka nini zaidi? Nilipoomba kuijaribu alikubali, lakini akapanda nyuma yangu na kunielekeza kila kona, lami tupu, mwendo wa dakika kumi, na nilipotaka kuingia kwenye kijinjia cha mchanga akanigonga bega akasema tusiichafue kabla hatujakubaliana. Nililiona hilo kuwa ni adabu ya mfanyabiashara.

Kisha akaanza hadithi za safari. Alisema ameshapanda nayo hadi Tendaguru, kule ambako Wajerumani walichimbua mifupa ya mijusi wakubwa kati ya 1909 na 1913, na akanieleza jinsi udongo unavyoganda kwenye tairi mvua zikishaanza, na jinsi alivyoshuka miteremko ya Newala kwa gia ya kwanza bila kugusa breki. Alizungumza kama mtu aliyefika. Mnajua Tendaguru ina nafasi gani moyoni mwangu, na mnajua ni mara ngapi tumepanga safari ile ikaahirishwa. Sasa ninaamini alikuwa amesoma yote niliyowahi kuandika kuhusu safari hiyo na kunirudishia maneno yangu mwenyewe.

Adhana ya adhuhuri ilipotoka alifunga mlango akasema twende kwanza tukaswali. Tukasimama safu moja, bega kwa bega. Tuliporudi mama yake alikuwa ameandaa wali na samaki, akaniuliza habari za nyumbani na za mvua, akanishukuru kwa kumsaidia mwanawe kibiashara. Hadi leo sijui kama mama yule alikuwa akifahamu kinachoendelea, na sitaki kumdhania vibaya mtu aliyenilisha. Lakini fedha nilizihesabu juu ya mkeka wake, milioni tatu na laki tano taslimu, noti kwa noti, na kijana akirudia kuhesabu baada yangu kwa sauti. Laki tano nyingine nikazituma kwa simu. Laki sita zilizobaki tulikubaliana nizilipe kadi halisi itakapofika, kwa kuwa alichonionyesha kilikuwa nakala iliyowekwa ndani ya plastiki, na kadi yenyewe, alisema, iko kwa wakala wake Dar es Salaam na itakuja kwa basi Jumatatu. Nakala ile iliandikwa Yamaha, 249, mwaka wa kutengenezwa 2012, na namba za kibao zilizolingana na zile zilizofungwa nyuma. Niliisoma mara mbili. Nilipopendekeza tuandikishiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akasema ofisi haifunguliwi Jumamosi, tukaandikiana wenyewe kwenye karatasi ya daftari, shahidi akiwa rafiki yake.

Mtaniuliza nilikuwaje mjinga kiasi hicho. Nimejiuliza usiku mwingi kuliko mtakavyoniuliza ninyi. Ninachoweza kujibu ni kwamba sikununua kwa mtu wa njiani. Nilikula kwake, niliswali naye, nilimwona mama yake na nyumba yao, na mtu mwenye nyumba na mama sikudhani angeweza kukaa mahali pamoja akisubiri aliyemdhulumu arudi. Kumbe nyumba ilikuwa ya kupanga, na nilipoirudia siku ya tisa palikuwa na wapangaji wengine.

Safari ya kurudi Lindi ni zaidi ya kilomita 100, na kabla sijafika Mingoyo injini ilianza kugonga kwa ndani, ikatoa moshi, ikazima. Starta haikuitikia tena. Nikapiga kiki, na nilikuwa nimeshapiga kiki mara kumi hivi, jasho likinitoka, giza likiingia, nilipotulia na kujiuliza swali lililonimaliza nguvu za miguu: Serow 250 ina kiki tangu lini? Haina. Serow 250 inawashwa kwa starta peke yake. Nilikuwa ninakijua kitu hicho kwa miaka, nimekisoma, nimewaambia wengine, na bado mkono wa kiki ulikuwa unaning'inia pale ubavuni tangu saa tano asubuhi na macho yangu yakaupita.

Fundi wangu wa Lindi hakuhitaji hata kuifungua yote. Aliinama, akapitisha kidole kwenye kabureta, akanitazama kwa huruma akasema, "Mwalimu, hii siyo." Serow zilizotengenezwa kuanzia 2008 hazina kabureta, mafuta yanaingizwa kwa injekta, sasa ya mwaka 2012 kabureta imetoka wapi, na choki yake juu? Alipofungua kichwa cha silinda tukakuta valvu zinasukumwa kwa vijiti kutoka chini, kama zilivyo injini nyingi za pikipiki za Kichina tunazozipanda kila siku, wakati Serow ina cheni inayozungusha kemu juu kichwani. Mahali pa namba ya injini palikuwa pamesagwa na kupakwa grisi. Fremu peke yake ndiyo ya Serow, kwa sababu namba yake inaanza na DG17J. Nilipopeleka namba za kibao Mamlaka ya Mapato (TRA) nikaambiwa kwamba ni za pikipiki ya 125, ya mmiliki ambaye jina lake sijawahi kulisikia. Maana yake ni kwamba nilisafiri umbali wote ule juu ya chombo ambacho askari yeyote wa barabarani angenikamata nacho kama mwizi, na fremu yenyewe hadi sasa sijui ilitoka kwa nani na kwa njia gani.

Nilimpigia simu usiku ule ule. Mara ya kwanza alisema, "Mjomba, tulia, umeiendesha vibaya." Mara ya pili alisema atatuma fundi. Mara ya tatu simu haikupatikana, na haijapatikana tena.

Mnaotaka dalili, zilikuwepo, na ninazitaja jinsi zinavyonijia: kiki ambayo haipaswi kuwepo, kabureta na choki kwenye pikipiki inayodaiwa kuwa ya baada ya 2008, injini yenye joto kabla mnunuzi hajafika, nakala badala ya kadi. Tena jina lililotokea kwenye simu nilipotuma zile laki tano halikuwa lake, akasema ni la shemeji yake, nami nikabonyeza kukubali. Namba ya fremu ya Serow 250 huanza na DG11J kwa zile za kabureta, DG17J kuanzia 2008, na DG31J kwa zile za 2018 hadi mwisho, kwa hiyo mnaweza kulinganisha na mwaka anaowaambia. Na msitoe fedha kabla hamjapeleka namba za kibao, za fremu na za injini TRA. Mengine fundi yeyote wa uhakika atawaonyesha, mkienda naye. Mimi sikwenda na fundi, kwa sababu nilitaka kuwashangaza nyote Jumamosi iliyofuata.

Lakini nisiishie kwenye dalili, kwa maana mwenye kosa si aliyeshindwa kuona, ni aliyeficha. Ninataka mtu huyu akamatwe. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na ninataka asimame mahakamani, asomewe shtaka kwa jina lake la kweli, na arudishe fedha yangu yote. Ninataka pia aliyeifunga injini ile, aliyesaga namba na aliyetengeneza kibao wasimame pamoja naye, kwa sababu kazi ile haikufanywa na mkono mmoja. Sisi watu wa korosho tunaijua kangomba, tunamjua mtu anayekuja na bakuli lake kumpima mkulima aliyebanwa na shida, na tumeshakubaliana kwamba mtu wa namna hiyo ni adui. Huyu ni mbaya zaidi, kwa kuwa alisubiri jasho la mwaka mzima liingie benki ndipo akaita mjomba. Milioni nne zile ni palizi, ni salfa iliyotuchoma macho, ni mgongo wa mke wangu ulioinama mwezi mzima kuokota korosho, naye hakuwahi kunizuia nilipomwambia kwamba mwaka huu ninataka kitu kimoja tu cha kufurahisha nafsi yangu. Sijaweza kumtazama vizuri usoni tangu nilipomwambia ukweli. Kwa hilo peke yake kijana yule anastahili kufungwa.

Juzi rafiki mmoja amenionyesha tangazo jipya. Ni kanga ile ile na mwembe ule ule, ila tanki limepakwa rangi ya chungwa na kibao kimebadilishwa, na sasa anasema yuko Masasi. Kama umeshampa kianzio, usimalizie, na usimwambie kwamba umesoma haya. Nitafute tuongozane kituoni, maana RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, ninayo na maelezo yangu yameshaandikwa, na mlalamikaji wa pili, mwenye namba ya simu ambayo kijana yule bado anaipokea, ndiye ninayemhitaji.