Uzoefu wangu na aksesi pointi ya dari kwenye nyumba ya mawe, Bagamoyo

Naanza na hukumu, maana najua kuna mtu anasoma haya akiwa dukani na muuzaji kamsimamia kichwani. Kama nyumba yako ina kuta nene na waifai inakatika ukiingia vyumba vya nyuma, hela yako iweke kwenye waya na aksesi pointi, yaani kifaa kinachopokea intaneti kwa waya kutoka kwenye ruta na kurusha waifai pale kilipofungwa. Ripita, ile ya kuchomeka kwenye soketi inayodaka waifai ya ruta na kuirusha upya, iache rafuni. Vyote viwili vimepita kwenye nyumba yetu, na tofauti yake hata mtoto anaiona.

Nyumba yenyewe ni ya ukoo, iko Mji Mkongwe: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko juu. Ukuta wa kati, unaotenga ukumbi na vyumba vya ndani, una unene ambao ukilaza mkono dirishani kiwiko bado kiko ndani ya ukuta. Jua la mchana haliupenyi, kelele za bodaboda haziupenyi. Ruta ikafungwa mbele kabisa, pembeni ya mlango wa barabarani, kwa kuwa waya wa faiba uliingilia hapo na fundi wa kampuni hakuwa na haja ya kuhangaika zaidi. Ukumbini simu inajaa. Ukivuka mlango wa kati alama zinabaki mbili, na kwa Babu, chumba cha mwisho kinachotazama uani, inashika na kuachia, inashika na kuachia. Akiongea na shangazi aliyeko Muscat sura inaganda mdomo wazi, halafu ndiyo imekatika hiyo. Babu mwenyewe alishatoa ripoti: "Mjukuu wangu, mtandao wenu huu una adabu za mgeni, hauvuki ukumbi."

Huduma kwa wateja ya wanaotuuzia intaneti (jina nalihifadhi) wana dawa moja kwa kila ugonjwa: zima, subiri, washa. Wakikuona king'ang'anizi wanakuambia laini yako huku kwetu inaonekana iko sawa. Linaudhi, lakini kwa upande wa laini walikuwa wanasema kweli, na hapa ndipo watu wengi tunapoteza hela. Waifai kukatika ni jambo moja, intaneti kukatika ni jingine. Waifai ni ile safari fupi kati ya simu yako na ruta. Intaneti ni kutoka kwenye ruta kwenda nje. Ukichanganya hayo mawili utabadilisha kampuni, utabadilisha kifurushi, utanunua ruta mpya, na Babu ataendelea kukatika vilevile.

Kupima ni rahisi. Chukua kompyuta mpakato, nenda kwenye chumba chenye matatizo, fungua madirisha mawili ya amri. Moja andika ping (amri ya kukiita kifaa na kupima kinajibu baada ya muda gani) na namba ya ruta yako (iko kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1), la pili ping 8.8.8.8, ambayo ni namba ya Google huko nje kwenye intaneti. Kwenye Windows ongeza -t ili isiache. Kisha kaa utazame wakati inakatika. Ruta ikiwa inajibu vizuri na 8.8.8.8 kimya, piga simu kampuni, na ukaangalie kile kiboksi cha faiba: taa ya LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga wa faiba haufiki. Ruta yenyewe ikiwa haijibu, kampuni haihusiki, hilo ni la nyumbani kwako. Chumbani kwa Babu ruta ilikuwa inajibu kwa milisekunde 4, mara 300, mara kimya kabisa, ilhali kompyuta nyingine iliyochomekwa kwa waya ukumbini inaendelea na 8.8.8.8 bila wasiwasi.

Halafu kuna programu za bure za simu zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba, si kwa vile vijialama vinavyotudanganya. Namba huwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Kwa simu ya video ya kueleweka unataka −67 au pazuri zaidi ya hapo; ukishapita −80 usitegemee kitu. Kwetu ukumbini ilisoma −45, nyuma ya ukuta wa kati −72, kwa Babu −84. Kila ikishuka kwa 3 nguvu inapungua nusu, kwa hiyo kutoka ukumbini hadi kwa Babu imepungua karibu mara 8,000. Hakuna ruta ya kisasa itakayorudisha hiyo kwa kuwa na antena nane. Na masika ndiyo balaa, kwa sababu matumbawe yananyonya maji na maji yanakula mawimbi ya redio.

Kabla ya kununua chochote, fundi tuliyemwita sisi wenyewe alinyoosha mambo mawili ambayo hayana gharama kubwa. La kwanza chaneli, yaani njia ya hewani ambayo ruta inarushia. Mtaa wetu una nyumba za wageni, kila moja na waifai yake, na nyingi zilikuwa zimerundikana chaneli ya 6. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 chaneli ambazo haziingiliani ni 1, 6 na 11, basi akatuweka 11 na upana wa megahezi 20 badala ya 40. Ukumbini jioni pakatulia. Kwa Babu, hakuna kilichobadilika. La pili adapta. Kulikuwa na ukatikaji mwingine wa usiku ambao taa zote za ruta zinazimika kwa pamoja na kuanza kuwaka upya moja moja. Hiyo si waifai wala laini, ni umeme wa ruta. Adapta yetu ilikuwa imechoka, umeme wa mtaani ukishuka kidogo inashindwa. Tukapata nyingine ya volti zilezile 12 (volti lazima zilingane, ampea zikizidi hakuna ubaya, zikipungua ndiyo tatizo) na UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika. Huo ukatikaji ukaisha siku hiyohiyo.

Sasa ripita. Shemeji alituazima yake. Muuzaji alikuwa amemwambia aichomeke palepale kwenye chumba kisicho na mtandao, na ndivyo wanavyowaambia watu wote. Fikiria: kama chumba hakipati mawimbi, ripita itarudia nini? Ikishika −84 inakugawia hiyohiyo −84 kwa sauti kubwa, simu inakuonyesha alama zote nne na WhatsApp inazunguka. Tukaihamishia kwenye mlango wa kati, mahali inapoona ruta vizuri. Hapo ilikaa, lakini ripita hizi za bei ndogo zinapokea na kutuma kwa redio ileile, kwa hiyo kasi inagawanyika nusu hata kabla hujaanza kuitumia. Kifurushi chetu ni megabiti 20 kwa sekunde. Kwa Babu zilifika 6, na watoto wakifungua katuni simu ya Muscat inaanza tena kuganda. Kwa nyumba ya tofali za kawaida yenye vyumba viwili, sawa. Kwa mawe ya matumbawe, hapana.

Aksesi pointi tuliyochukua ni ile ya duara kama sahani, ya kufunga darini, bendi zote mbili (gigahezi 2.4 na 5), tumeifuata Kariakoo kwa shilingi 135,000. Kilichonivutia ni kwamba inakula umeme kupitia waya uleule wa intaneti, wenyewe wanaita PoE. Kiboksi kidogo cha kuingizia umeme kinakaa karibu na ruta, kwenye UPS ileile, na chumbani kwa Babu hakuhitajiki soketi. Umeme ukikatika yeye anaendelea na maongezi yake. Angalizo moja: PoE haziko sawa zote. Kuna za kiwango cha kimataifa zenye volti 48, na kuna za bei rahisi za volti 24 zinazosukuma umeme bila kuuliza kifaa kinahitaji nini. Tumia kiboksi kilichokuja na aksesi pointi yako, usichukue cha jirani.

Kwenye waya nilijifunza kitu. Dukani kulikuwa na waya wa rangi ileile, maandishi yaleyale ya Cat 6 (daraja la waya wa mtandao), bei karibu nusu. Fundi akatoa wembe mfukoni, akamenya ncha, akaukwangua ule uzi mwembamba. Juu mwekundu wa shaba, chini ukatokea mweupe.

"Dada, unaona? Hii ni alumini imepakwa shaba."

"Si unafanya kazi lakini?"

"Unafanya. Ila hapa pwani chumvi ikishaingia kwenye kichwa chake, mwakani unaniita tena. Na umeme wa PoE unapotea njiani."

Akanionyesha na kichwa cha waya wa zamani alichotoa kwenye nyumba ya ufukweni: vile vijimeno vya mbele vina ukungu wa kijani, viwili vimelika kabisa. Tukachukua wa shaba tupu. Mita 22 zilitosha, mbali sana na ukomo wa mita 100. Ukuta hatukuutoboa, nyumba hizi si za kuchezea drili. Waya umepita juu ya fremu ya mlango wa kati, ukafuata boriti kwa vibano vidogo hadi kwa Babu, na usipoinua macho huuoni.

Jambo la mipangilio ambalo lingetutesa kama fundi asingelijua: kifaa hiki kikitoka kwenye boksi kinakuja katika hali ya ruta, na kinataka kugawa anwani chenyewe. Ukikiacha hivyo nyumba inakuwa na wagawaji wawili, na simu nyingine zinaandika "imeunganishwa, hakuna intaneti." Kibadilishe kiwe hali ya aksesi pointi, au zima DHCP yake (hiyo ndiyo inayogawa anwani), ruta ibaki kugawa peke yake. Chaneli kipe tofauti na ya ruta. Ruta iko 11, hiki kiko 1. Jina na nywila weka zilezile.

Matokeo: kwa Babu sasa inasoma −48, ping kwenda kwenye ruta milisekunde 2 au 3, na kasi inafika 19 kati ya zile 20. Masika yamepita juu yake na simu ya Muscat haijakatika tena kwa sababu yetu. Ikikatika siku hizi ni shangazi ameishiwa chaji.

Lawama zangu. Taa yake ya buluu ni kali mno kwa chumba cha kulala, na kuizima lazima upakue programu yao, ufungue akaunti, uthibitishe barua pepe, ndipo uione imejificha ndani kabisa ya mipangilio. Inapata joto mchana, ingawa haijawahi kujizima. Karatasi ya warantii haina muhuri wa duka, kwa hiyo nadhani ni ya kupamba boksi; ukinunua dai risiti na muhuri palepale.

Lawama ya mwisho si ya kifaa peke yake. Ukitoka ukumbini kwenda nyuma huku unaongea, simu hung'ang'ania ruta ya mbele hadi ishindwe kabisa, ndipo ihamie kwenye aksesi pointi, na hapo sauti inapotea sekunde chache. Uamuzi wa kuhama ni wa simu, si wa kifaa. Tulipunguza nguvu ya kurusha ya ruta kwenye gigahezi 2.4 kutoka juu kabisa hadi ya kati, na simu mpya sasa zinahama mapema. Ile ya Mama, ya zamani, bado inang'ang'ania. Yeye akifika nyuma anazima waifai na kuiwasha, na amenikataza nisiguse mipangilio yake.